Spika za Uani: Pima Umbali Kwanza, Amplifaya Baadaye

Ujumbe huu huja kila mara, maneno yakibadilika kidogo tu: "Nimefunga spika nne za nje, zote za omu 8, kwenye amplifaya ya sebuleni. Zinapiga vizuri kama nusu saa hivi, kisha amplifaya inazima yenyewe. Ninunue ya wati ngapi?"

Usinunue chochote bado. Amplifaya hiyo haina upungufu wa wati, imebebeshwa mzigo usio wake. Omu ni kipimo cha ukinzani: zikipungua, mkondo unaongezeka. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) kwenye upande mmoja zinakuwa omu 4, na amplifaya nyingi za sebuleni zimeandikwa mgongoni omu 6 hadi 16. Mkondo unapanda, transista zinachemka, kinga inakata. Ukileta yenye wati maradufu lakini masharti yaleyale ya omu, itazima vilevile, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Kosa linaanzia mbali zaidi ya hapo. Watu huanza na amplifaya kwa sababu ndiyo inayong'aa dukani. Uani kazi inaanza na futi ya kupimia: wasikilizaji watakaa wapi, spika itakuwa mita ngapi kutoka kwao, na waya utapita wapi hadi uifikie. Ukishapata namba hizo tatu, amplifaya inajichagua yenyewe.

Ndani ya nyumba kuta na dari hurudisha sauti. Nje hakuna kinachoirudisha. Kila umbali ukizidi mara mbili, unapoteza desibeli 6. Chukua spika ya kawaida iliyoandikwa desibeli 88 kwa wati 1, mita 1. Mita 2 kutoka kwake unasikia 82, mita 4 unasikia 76, mita 8 unasikia 70. Tuseme unataka muziki wa desibeli 75, ambao watu wanaweza kuzungumza juu yake bila kupigana kelele. Mita 4 wati 1 haiishi. Mita 8 unahitaji wati 3 na kidogo. Sasa ongeza nafasi ya ngoma na besi, ambazo huruka desibeli 10 juu ya wastani, maana yake nguvu mara kumi: mita 4 ni kama wati 8, mita 8 ni kama wati 32. Kusogeza spika karibu nusu ya umbali kumekupunguzia wati mara nne bila kununua kitu.

Kwa hiyo spika nne ndogo zilizozunguka mahali pa kukaa, zikiangalia ndani, huzishinda mbili kubwa zilizotundikwa ukutani zikipiga kelele hadi mwisho wa ua. Jirani naye atalala. Spika ikiegemea ukuta besi yake inanenepa kidogo, hivyo ukiwa na ukuta karibu na viti utumie. Spika iliyosimama katikati ya nyasi itasikika nyembamba hata kama ni nzuri; si mbovu, ni hewa tupu inayoizunguka.

Sasa wati. Namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi mbele ya boksi, hasa ikifuatwa na herufi PMPO (nguvu ya kufumba na kufumbua), isahau kabisa. Angalia RMS, yaani nguvu ya mfululizo, na angalia imepimwa kwa omu ngapi. Kama haipo, geuza amplifaya usome inakula wati ngapi kutoka kwenye umeme wa nyumba. Inayokula wati 60 haiwezi kutoa 200 mfululizo.

Vibodi vidogo vya amplifaya (saketi tupu) vya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, vinavyotumia adapta ndivyo vinavyodanganya zaidi, na hesabu yake ni rahisi: volti za adapta zidisha zenyewe, gawa kwa omu ya spika mara mbili. Kibodi kilichoandikwa "wati 50 mara 2" ukikipa adapta ya volti 12 na spika za omu 8, unapata 144 gawa kwa 16, yaani wati 9 kila upande kabla sauti haijaanza kukwaruza. Kibodi hichohicho kwa volti 24 kinafika 36. Hakikisha tu chipu yake inaruhusu volti hizo, na adapta iwe na ampea za kutosha. Kwa pande mbili za omu 8, ya volti 24 na ampea 5 inatosha. Amplifaya isiyofika, ikilazimishwa, hukata vichwa vya mawimbi, na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo hufa kwanza. Ndiyo maana spika nyingi zinaunguzwa na amplifaya ndogo iliyofunguliwa hadi mwisho.

Uani, mtu anatembea. Stirio ina maana kwa aliyekaa katikati tu, wengine wanasikia nusu ya wimbo. Piga mono, yaani wimbo mzima kwenye kila spika. Lakini usiunganishe vichwa vya spika vya kushoto na kulia vya amplifaya pamoja, utaiua. Mchanganyo ufanyike kabla ya amplifaya: kwenye mpangilio wa simu, kwenye miksa, au kwa rezista mbili za kilo-omu 1, moja kutoka kushoto na moja kutoka kulia, zikikutana kwenye waya mmoja unaoingia amplifaya.

Tukija kwenye waya. Shaba yenye unene wa milimita mraba 1.5 ina ukinzani wa karibu omu 0.0115 kwa mita. Spika iliyo mita 30 inahitaji mita 60, kwenda na kurudi, kwa hiyo waya peke yake ni omu 0.69. Kanuni inayotumika sana ni kutozidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni 0.4. Waya wa 1.5 umeshapita. Wa 2.5 unakupa 0.41, unapita kwa ukucha. Wa 4 unakupa 0.26, ondoa shaka. Ule mwembamba wa 0.75 unaokuja bure ndani ya boksi unakupa 1.4, na ukiwa umebeba omu 4 mwishoni unakula karibu robo ya nguvu. Kinachoudhi zaidi ni kwamba sauti yenyewe inageuka. Omu 8 za spika ni jina tu, kiuhalisia zinapanda na kushuka kwa kila noti, na ukinzani wa waya unakandamiza noti fulani na kuziachia nyingine. Mtu anaanza kulaumu spika.

Kwa sababu hiyo, vuta waya mmoja wa peke yake kutoka kila spika hadi kwenye amplifaya, kisha fanya maungio huko ndani pakavu. Spika nne za omu 8 ukiziunga mbilimbili kwa mfuatano (hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine), kisha jozi mbili hizo sambamba, unarudi kwenye omu 8, na amplifaya yoyote itakushukuru. Ziwe za aina moja lakini. Ukichanganya aina, moja itanyonya nguvu kuliko wenzake.

Kabla ya kulipia waya, kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba: ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba halisi, unakatika ukikunjwa mara chache, na mahali ulipokatwa unaoza kwa unyevu. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na kwa nje ni bora kuliko shaba tupu. Watu huichanganya hii na ile na kuitupa iliyo nzuri.

Ukizidi spika nne, au waya ukipita mita 30 au 40, acha kuhangaika na omu. Nenda laini ya volti 100, yaani amplifaya inayopeleka sauti kwa volti kubwa na mkondo mdogo (ya volti 70 hutumika zaidi Marekani). Kila spika ina transfoma yake na kiswichi cha kuchagua wati. Unajumlisha wati tu. Spika nne zikiwekwa kwenye 20 ni wati 80, na amplifaya ya 120 inazibeba kwa raha, maana usizidi asilimia 80 ya uwezo wake. Faida iko kwenye mkondo: wati 80 kwa volti 100 ni ampea 0.8, wakati wati hizohizo kwenye omu 4 ni ampea 4.5. Katika ule waya wetu wa omu 0.69, wa kwanza unapoteza chini ya nusu wati, wa pili unapoteza karibu 14.

Mtego mmoja: kiswichi hicho mara nyingi kina nafasi ya omu 8 pia. Spika moja ikisahauliwa hapo, laini ya volti 100 inaombwa wati 1,250. Kinga ikifanya kazi itakata, isipofanya kazi utanusa. Pia kata besi chini ya hezi 80 kwenye amplifaya, kwa sababu transfoma ndogo hulewa kwa besi nzito na kugeuka kama shoti. Na volti 100 si za kushikwashikwa. Zima kabla hujagusa maungio.

Mara nyingi maji hayaingii kwenye spika kwa mbele kama watu wanavyodhani; huingia kwa waya. Kabla waya haujaingia kwenye boksi, uache uning'inie chini kama tumbo ili tone lidondoke hapo, na tundu la kuingilia litazame chini. Maungio ya nje yalehemiwe, yavikwe mpira unaonywea ukipashwa moto, wenye gundi ndani, ama yatumie viungio vyenye jeli. Utepe mweusi wa umeme haumalizi msimu mmoja wa mvua. Amplifaya ikae ndani penye hewa, wala usiifungie kwenye kabati ukashangaa inachemka.

Kwenye mtaro, tumia kebo iliyotengenezwa kufukiwa au uipitishe kwenye paipu, kina cha sentimita 15 kwa uchache, 30 penye jembe. Waya wa umeme wa nyumba ukae angalau sentimita 30 pembeni, na zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba. Acha nusu mita ya ziada kila mwisho.

Jambo la rangi: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, spika zote. Moja ikigeuzwa, simama katikati yake na jirani yake utasikia besi imetoweka. Na kwenye vibodi vya daraja D, hasi ya kushoto na hasi ya kulia zote zina umeme. Usiziunge pamoja, wala usizipeleke ardhini ili kuokoa waya mmoja.

Kabla ya kufukia, weka multimita kwenye kila jozi ya waya upande wa amplifaya, ukiwa umeichomoa jozi hiyo kwenye amplifaya. Spika ya omu 8 isome kama 6 au 7 pamoja na ile sehemu ya waya. Ikisoma 0.7 peke yake, kuna shoti huko mwisho. Isiposoma kitu, umekatika. Kwenye laini ya volti 100 usomaji huu hauna maana, transfoma itakuonyesha namba ndogo isiyohusiana na mzigo, hivyo hapo tegemea kukagua viswichi kimoja kimoja. Halafu piga muziki saa nzima kwa sauti utakayotumia na uishike amplifaya kwa kiganja uone kama inachemka. Kisha piga picha mtaro ukiwa wazi, futi ikiwa imelazwa pembeni, kwa sababu atakayekuja na jembe kupanda maua hatajua kebo imepita wapi.