Kabla Hujanunua Seti ya Vifaa vya Bustani, Shika Mpini Kwanza

Mbukwenyi wapendwa. Wiki hii nimepata ujumbe wa mdogo wangu mmoja aliyehamia Nzuguni, hapa Dodoma. Nyumba imeshaezekwa, nyuma kumebaki eneo tupu, na dukani wamemwonyesha seti ya vifaa vya bustani ndani ya begi lake, vyote vya kijani, vinang'aa. "Shikamoo dada, nichukue au niache?" Nilimjibu palepale aiache. Ila najua mko wengi mnaotaka kile ninachokitaka mimi, yaani mchicha na chainizi ya kuchuma jioni, nyanya za kutosha na mzabibu wa kivuli pale uani, kwa hiyo ngoja nieleze vizuri.

Mimi nililetwa Dodoma na kazi, baada ya lile tangazo la mwaka 2016 la serikali kuhamia huku. Nilipoanza kutifua nyuma ya nyumba kule Miyuji, shemeji yangu alisema mbele ya wageni kwamba Dodoma ni nchi ya vumbi, mambo ya bustani tuwaachie watu wa Lushoto. Kazini nako nikasemwa, eti mwanamke wa ofisini anashika sururu. Maneno yale sijayasahau. Leo hao hao wanapiga simu Ijumaa kuniuliza kama mboga ipo. Ipo, na ninawauzia. Ninajivunia, maana ardhi hii nimeitolea jasho, na vifaa vyangu vya kwanza ninavyo mpaka leo.

Kitu ambacho watu wa dukani hawakuambii ni kwamba udongo ndio unaochagua kifaa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 600 au pungufu. Baada ya hapo ule udongo mwekundu unakauka na kushikana, juu unafanya gamba. Vifaa vya kwenye begi vimetengenezwa kwa udongo laini wa kwenye vyungu. Nilinunua kijiko cha kuhamishia miche kwenye duka moja hapa mjini, shimo la kwanza tu shingo ikakunjika. Niliporudi nacho, muuzaji akaniuliza kwa sauti, "Mama, ulikuwa unachimba barabara?" Watu wakacheka. Hela sikurudishiwa. Bado linaniuma, na ndiyo sababu ninawaambia wanawake wenzangu: acheni kununua kwa macho, nunueni kwa mkono.

Kwa hiyo cha kwanza ni sururu, kama eneo lako halijawahi kulimwa. Kama kuna mawe, azima na mtaimbo, hauna haja ya kuununua. Ukishavunja lile gamba, kazi kubwa inabaki kwa jembe, na hapo ndipo ninapotaka mtulie.

Jembe zuri linajulikana kwa mambo madogo. Ligeuze utazame pale tundu la mpini linapokutana na bapa. Likiwa limefuliwa kwa chuma kimoja, pale pameinuka taratibu na ni panene. Likiwa limechomelewa, utaona mstari wa uvimbe, na mara nyingi rangi imepakwa nzito hapo hapo kuuficha. Pitisha kucha. Halafu ligonge kwa jiwe: zima linalia kwa mlio wa kuendelea, lenye ufa linatoa mlio uliokufa. Wazee wanaokumbuka majembe ya UFI, yale ya kiwandani Ubungo, wataniunga mkono. Lile bapa lilikuwa linaisha kwa kulika, halivunjiki. Siku hizi wahunzi wetu wanafua mazuri kwa chuma cha springi za gari. Hayana rangi, hayapendezi, na mimi ndiyo ninayoyachukua.

Sasa mpini. Jirani yangu, mzee wa Kigogo ambaye amelima tangu utoto wake, alinifundisha nisinunue jembe lenye mpini wake. Nunua jembe peke yake, mpini utafute mwenyewe. Yeye anasifu mkole, kwa kuwa ni mgumu na haupasuki ovyo. Shika mpini, utazame kwa urefu wake kama unalenga shabaha. Nyuzi za mti ziende moja kwa moja toka kichwani hadi mwisho. Zikikatisha pembeni, ujue hapo ndipo utakapokatikia. Fundo karibu na kichwa, rudisha. Na urefu uwe wa mgongo wako wewe, usiwe wa muuzaji. Mimi ni mrefu, mipini mingi ya sokoni inanikunja, kwa hiyo ninachongesha. Watu wanalalamika kilimo kinaumiza kiuno, kumbe ni mpini.

Reki ya chuma, chukua moja. Ikandamize meno chini, yakitanuka iache hapo hapo. Chepeo la samadi, lolote imara. Fyekeo na toroli vinaweza kusubiri.

Keni ya kumwagilia nayo si lazima, lakini kichwa chenye matundu madogo ni lazima. Maji ya ndoo yakimwagwa kwa nguvu yanapiga udongo, gamba linarudi na mbegu za mchicha zinakusanyika kwenye kona moja ya tuta. Chukua kopo, litoboe matundu chini kwa msumari mwembamba, umwagie kwa kupitia hapo. Hapa kwetu nashauri matuta mbonyeo, yale yaliyozama chini ya usawa wa ardhi, ili maji yabaki kwenye mmea. Tuta la kuinuka linakausha.

Kwa wenye mizabibu, usibane hela kwenye mkasi wa kupogolea. Zabibu za Dodoma zinapogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, na mkasi butu hauukati mti, unauponda, na pale palipopondwa ndipo ugonjwa unapoingilia. Chukua ule ambao makali yake yanapishana. Ujaribu kwa karatasi: ukate mpaka nchani bila kutafuna. Ufute kwa spiriti ukitoka kwenye mti mgonjwa. Wangu siuazimishi, hata kwa ndugu, na watu wameshaninunia kwa hilo. Wanune.

Halafu kuna tupa, kile chuma cha kunolea. Kati ya wote wanaoniuliza habari za vifaa, karibu hakuna anayeitaja. Jembe la bei ndogo lililonolewa linalima kuliko la bei kubwa lililo butu. Noa upande mmoja tu, sukuma tupa kwenda mbele, usiirudishe kwa kuikwaruza. Fanya hivyo kila kabla ya kupalilia. Ndugu zangu, tujifunze kutunza. Hatuwezi kulia kila mwaka kwamba vifaa ni ghali huku tunaviacha nje vinakula jua na kutu.

Septemba na Oktoba, pepo zile zikianza, mbao zinanywea na jembe linaanza kucheza kwenye mpini. Usipigilie msumari, utapasua. Chonga kabari ya mti mkavu, iingize, gonga kichwa juu ya jiwe hadi jembe likae. Kulilaza kwenye ndoo ya maji usiku kunasaidia kwa kazi ya kesho tu. Likikauka linalegea tena, tena zaidi. Mipini mimi naifuta kwa mafuta ya alizeti, chuma nakipaka oili chafu, vyote vinalala ndani. Hiyo Oktoba ndiyo ya kuanzia kazi, ili mvua ya kwanza ikute matuta yameshachimbwa na samadi imo.