Kupiga picha watu wa kawaida Nairobi na kuchukua habari za maisha yao

Umeuliza kwa nini watu wanakukatalia picha ukizunguka mitaani kukusanya habari za maisha yao. Mara nyingi ni kwa sababu wanaiona kamera kabla hawajasikia salamu. Iache ndani ya mfuko.

Tuseme umefika Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, wanaotengeneza masanduku ya bati. Usisimame njiani na lenzi ndefu. Chagua fundi mmoja, mwambie "habari ya kazi, mzee", ngoja amalize kukunja kona ya sanduku, ndipo umweleze wewe ni nani, picha itatumika wapi, na kwamba ana haki ya kukataa. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake, na akishakubali bado anaweza kubadilisha nia. Kwa mtoto, idhini ni ya mzazi au mlezi. Karatasi ya kutia sahihi huwatia wengi wasiwasi, kwa hivyo rekodi idhini kwa sauti yake mwanzoni mwa mazungumzo.

Hapo sauti ndiyo kazi ngumu. Nyundo kwenye bati humeza maneno yote, na ni vigumu programu kuyarudisha vizuri. Mwombe mkae kwenye kibanda cha chai. Bana maikrofoni kwenye shati, shubiri moja chini ya kidevu, kisha vaa visikizi ujaribu nusu dakika: kola ikisugua utasikia mkwaruzo. Saa moja ya faili ya sauti ya wav ya biti 24, kHz 48, chaneli moja, hula takribani MB 520 za kadi.

Ukisema "nieleze maisha yako", atakujibu kama aliye kwenye usaili wa kazi. Uliza kuhusu kitu alichoshika. Nyundo hii uliipata wapi? Nani alikufundisha kukunja bati? Kisha nyamaza, hata kama kimya kinakusumbua. Akiongea Sheng, iandike vivyo hivyo.

Picha ije baada ya hayo, uso ukiwa umetulia. Lenzi ya milimita 35 au 50 inatosha. Tumia tundu la lenzi la f/4 ili macho na mikono vyote vionekane, na kasi ya shata ya 1/250 kama anapiga nyundo. Adhuhuri jua letu huwa karibu utosini, macho yanageuka mashimo meusi. Mweke ndani kidogo ya ukingo wa paa, akiangalia nje. Nyuma yake pakiwa na barabara inayong'aa, kamera itadanganyika na kuutia uso giza: pima mwanga usoni, au ongeza mwanga kwa hatua moja (stop) kwenye kamera.

Akiuliza "utanipa nini?", usikasirike, umemsimamisha kazi. Kulipia hadithi huifanya irefuke, kwa hivyo ahidi picha iliyochapishwa, inchi 4 kwa 6, na uipeleke ndani ya wiki mbili. Ukiipeleka, msomee ulichoandika. Atakusahihisha jina la kijiji, atakurekebishia mwaka. Akitaka sehemu fulani itoke, itoe, hata kama ndiyo uliyoipenda zaidi.