Soko huria halimpi mtu ruhusa ya kukukata salio

Swali: Nanunua bando, likiisha nakuta hata salio la kawaida limeliwa. Kampuni za simu zikiachiwa soko huria sisi wateja tutaponea wapi? Kwa nini TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, isizipangie bei moja? (Msomaji, Mbeya)

Jibu: Ndugu yangu, hili la "bei moja" naulizwa kila mara, na ndilo linalowafanya watu wasione pesa yao inakovujia. Soko lilipofunguliwa, kampuni zilipata uhuru wa kushindania wateja. Wajibu wao kwako uko palepale, ndani ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Hata bei haikuachwa ielee: TCRA ilitaja mipaka ya data, shilingi 2.03 hadi 9.35 kwa MB. Ukilazimisha bei moja, hakuna kampuni itakayohangaika kukupunguzia.

Kumbuka Aprili 2021. Maelekezo mapya ya vifurushi yalipoanza, bando zikapanda, watu wakapiga kelele, serikali ikaagiza bei za awali zirudi. Kelele karibu zote zilikuwa za bei, wakati maelekezo hayohayo yalitaka mteja aarifiwe matumizi yakifika asilimia 75 na 100, tena achague mwenyewe kuendelea nje ya bando au la.

Kesi yako iko hapo kwenye kuchagua. Bando liliisha, simu ikaendelea kuvuta data kwa bei ya kawaida. Je, uliulizwa? Kama hukuulizwa, andika tarehe, saa, salio la kabla na la baada, piga 100 na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Wasipokuridhisha, nenda nayo TCRA. Lalamiko lisilo na kumbukumbu ni gumu kulifuatilia.

Wanaonikera kweli ni wanaouza "bando za chuo" kwenye magrupu ya WhatsApp na wale "wataalamu" wa kuzuia makato. Wanajua mteja amechoka kukatwa, ndiyo maana wanampata. Unatuma pesa kwa namba usiyoijua, kisha unaombwa tarakimu zilizoingia kwa SMS. Ukizitaja tu, akaunti yako imeondoka. Hakuna msimbo wa siri wa kuzuia makato, na hakuna fundi wa mtaani mwenye mamlaka juu ya mitambo ya kampuni. Namba za matapeli zitume 15040. Halafu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda dukani kwa mtandao husika ikafutwe leo.