Maswali ya wasomaji: Giaboksi ya Land Rover iliyolala chini ya mwembe

SWALI: Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, injini ya 2.25, iliyolala miaka saba chini ya mwembe huku Kigamboni. Tumeweka betri na mafuta mapya, injini imewaka. Shida ni gia: injini ikiwa inawaka haziingii, zinakwaruza tu. Na kabla gari halijalazwa, gia ya pili ilikuwa inachomoka nikiachia mafuta, tena kulikuwa na mlio. Fundi anasema giaboksi imekufa, nikanunue nyingine Gerezani. Nikubali? Na tutaitoaje nyumbani? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Usinunue kitu bado, ndugu yetu. Hayo ni matatizo mawili, na fundi wako ameyafanya moja.

Zima injini, kisha jaribu gia zote nne na rivasi. Zikiingia vizuri, basi kinachozizuia injini ikiwaka ni klachi isiyoachia. Gari likilala miaka karibu na bahari, klachi pleti hushikana na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kwa kutu, au raba za masta silinda na silinda ya chini hukauka na pedali ikakosa nguvu. Anza na mafuta ya klachi: jaza, toa hewa mpaka povu liishe. Pedali ikiwa ngumu kama inavyotakiwa na gia bado zinakwaruza, pleti imeganda.

Kuibandua hakuhitaji kufungua kitu, ila hakikisha kwanza breki zinashika, maana zimelala miaka hiyo hiyo. Pasha injini moto, izime. Nenda uwanja mtupu, vuta kijiti chekundu uingie gia za nguvu, weka gia ya kwanza, kanyaga klachi mpaka chini, kisha piga stata. Gari litaondoka lenyewe. Huku klachi ikiwa chini, ongeza mafuta na kuachia kwa ghafla mara kadhaa. Mara nyingi pleti huachia kwa mshtuko unaousikia wazi. Isipoachia, itabidi giaboksi itoke kwa vyovyote.

Sasa huo mlio. Ukisikika gia ya kwanza, pili na tatu lakini ukatulia kwenye ya nne, beringi za leishafti (shafti ya chini ndani ya giaboksi) zimechoka, kwa sababu kwenye gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja bila kupitia leishafti. Ukisikika gia zote, hata ya nne, tazama transfa, yaani boksi la pili lililoungwa nyuma ya giaboksi. Ukisikika gari likiwa nyutro na kunyamaza ukikanyaga klachi, ni beringi ya mbele ya giaboksi. Na gia ya pili inayochomoka ina dawa ya bei nafuu inayostahili kujaribiwa kwanza: springi ndogo za kushikilia fimbo za gia. Zinafikiwa kwa juu, ukishatoa bati la katikati ya sakafu, bila kushusha chochote. Weka springi mpya. Ikiendelea kuchomoka, bushi na habu ya sinkro (kifaa kinacholainisha kuingia kwa gia) zimelika, na hapo tunakubaliana na fundi.

Ukienda kununua ya mtumba, chukua giaboksi na transfa vikiwa vimeungana, pamoja na kengele yake ya klachi (kasha la mbele linalofunika klachi). Mwambie muuzaji amwage oili mbele yako kwenye chombo cheupe. Ungaunga wa fedha ni wa kawaida kwa umri huo, wa rangi ya shaba unaonyesha bushi na sinkro zinalika, na vipande vya chuma vina maana moja tu: kiache. Oili ya rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Ingiza gia moja moja huku ukizungusha shafti ya mbele kwa mkono. Dai risiti.

Kutoa: giaboksi ya Series haishuki chini, hupanda juu kupitia kabini na kutokea mlangoni. Wengi hulala chini ya gari siku nzima kabla ya kuligundua hilo. Toa betri, viti, boksi la viti, mabati ya sakafu na vijiti vya gia. Skrubu zake nyingi zimeota kutu, zimwagie mafuta ya kulainisha tangu jana yake. Mwaga oili. Chini fungua propela zote mbili, waya wa spidomita, fimbo za hendibreki na silinda ya klachi. Nati za propela ni za spana 9/16, na hapa tunasisitiza: hili ni gari la spana za inchi. Spana ya 15 itaonekana inakaa, kisha itakula kona za nati, na nati ya kengele ikishaliwa kona utaijutia.

Kabla ya kufungua nati za kengele, weka jeki na kipande cha ubao chini ya injini, la sivyo injini itainama nyuma. Mzigo wenyewe unazidi kilo 100. Ng'oa milango, tumia cheni bloku, au pitisha bomba nene la chuma mlango hadi mlango, watu wanne wanyanyue. Ivute nyuma kwanza mpaka shafti itoke kabisa kwenye klachi, ndipo ipande.

Ikishatoka, usirudishe klachi ya zamani. Badilisha pleti, presha pleti, rilizi beringi, na bushi ndogo iliyo nyuma ya krankishafti. Bushi hiyo hutoka kwa kujaza grisi kwenye tundu lake na kugonga kwa fimbo inayolitosha tundu barabara. Grisi huisukuma nje. Mpya iloweke kwenye oili usiku kucha. Tazama pia sili ya nyuma ya injini: ikivuja, klachi mpya itaoga oili.

Wakati wa kurudisha, sawazisha pleti katikati kwa kijiti cha mbao kilichochongwa au shafti kuukuu. Giaboksi ikiwa kwenye gia, zungusha flenji ya nyuma taratibu mpaka meno yakubaliane. Isogee kwa mkono mpaka kengele iguse. Ikigoma, usiivute kwa nati: kengele itapasuka. Wala usiiache ikining'inia kwenye shafti hata kwa dakika moja ya kupumzika, kwani uzito huo hupindisha pleti, na utafungua tena kila kitu kwa ajili ya klachi isiyoachia.

Oili ni EP90 ya daraja la GL-4: lita 1.5 kwenye giaboksi, 2.5 kwenye transfa. Muuzaji akikupa GL-5 akisema ni bora zaidi, ikatae. Dawa zilizomo zinaweza kushambulia sehemu za shaba.

SWALI: Giaboksi ya Series III yangu inakaukiwa oili lakini haidondoshi chini. Na hendibreki haishiki. (Msomaji, Tabata)

JIBU: Fungua nati ya kiwango cha transfa. Oili ikimwagika nyingi, umeipata iliyopotea: sili kati ya giaboksi na transfa imekufa. Transfa iliyojaa kupita kiasi nayo huvujia nyuma, na nyuma yake ndiko ilikokaa ngoma ya hendibreki. Badilisha sili zote mbili, ya kati na ya nyuma, pamoja na lining'i za hendibreki. Zilizolowa oili hazisafishiki zikashika tena.

SWALI: Nimepata giaboksi ya Series IIA. Itaingia kwenye Series III? (Msomaji, Mbezi)

JIBU: Hatushauri. Ya IIA ina sinkro gia ya tatu na ya nne tu, na mfumo wake wa kusukuma klachi ni tofauti, kwa hiyo utalazimika kubadilisha hata silinda na viunganishi vyake. Tafuta ya Series III.