Nilimsifu ustadhi, kumbe namponda

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Ustadhi wetu wa nahau ya Kiarabu alitaka kila mmoja atoe sentensi ya taajabu. Nikasimama kifua mbele: "Maa ahsana l-ustaadhu!" Nilidhani nimesema "Wema ulioje wa ustadhi!" Wakubwa wa darasa wakaangua kicheko. Dhumma ile ya mwisho, yaani irabu ya "u", ilikuwa imeniponza: nilichosema hasa ni "Ustadhi hakufanya vyema."

Hakunichapa. Alichukua chaki akaandika sentensi tatu. "Maa ahsana l-ustaadha!" ni mshangao. "Maa ahsana l-ustaadhu" ni ukanusho. "Maa ahsanu l-ustaadhi?" ni swali: kipi kilicho kizuri zaidi kwa ustadhi? Herufi ni zile zile, irabu tu zimebadilika.

Kisha akatusimulia kisa mashuhuri cha Abul-Aswad ad-Du'ali wa Basra, mwanazuoni wa nahau ya Kiarabu, aliyefariki mwaka 69 Hijria. Inasimuliwa kuwa usiku mmoja binti yake alitazama juu akasema, "Maa ahsanu s-samaa-i?" (samaa ni mbingu). Baba akamjibu, "Nyota zake." Binti akasema hakuuliza, alikuwa anastaajabu. "Basi sema maa ahsana s-samaa-a, na ufungue kinywa chako," yaani tamka "a".

Nilikikumbuka kisa hicho sekondari, siku nilipomwambia mwalimu mmoja mrefu kama mnazi, "How tall are you!" Akanijibu, "Futi sita na inchi mbili," akaenda zake. Yaliyompata binti yamenipata na mimi, ila safari hii si irabu. Kiingereza hakina i'rabu (kubadilika kwa irabu za mwisho wa neno) ya kutegemea, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa na mpangilio wa maneno. Kitenzi kikitangulia mtenda, umeuliza. Kikimfuata, "How tall you are!", umeshangaa.

Kwa hiyo ukishaandika sentensi yako, jaribu kuijibu. Ikijibika, kuna kitu kimekaa vibaya: kwa Kiarabu kagua irabu za mwisho, kwa Kiingereza kagua kitenzi kimekaa wapi. Alama ya mshangao haitakuokoa. (Hata sisi tuna -je ya kuulizia ndani ya "uzuri ulioje", lakini hakuna anayetujibu.)

"What" nayo ina mtego wake, na sisi Waswahili unatunasa sana. Inataka nomino, na ile "a" huja tu pale nomino inapohesabika na ni moja: "What a beautiful sky!" Lakini usiandike "What a good news!" wala "What a beautiful weather!" Kwetu habari inaweza kuwa moja, kwao haihesabiki. Ondoa "a", basi.

Kwa Kiarabu, tahadhari na rangi. "Maa ahmara" kwa wekundu wa waridi haiendi, kwa kuwa ahmar tayari ni sifa yenye umbo la af'al, umbo lile lile la ahsan. Pitia mlango wa nyuma: "Maa ashadda humrata l-wardi!", yaani ukali ulioje wa wekundu wake. Kiingereza hakikusumbui hapo, "How red the rose is!" inatosha.

Halafu usiyabebe haya yote hadi sokoni. Muscat ukiona kitu kizuri, mashaallah inakutosha, na Mwingereza wa kawaida atakuambia tu "It's so beautiful!" Hayo mengine ni ya daftari, mtihani na mashairi.