Kwa aliyeuliza: wapimaji wa gemu wana kazi gani mbele, na mwenye kibanda Malindi inamhusu nini?

Ndugu, umeuliza mawili: hawa Digital Foundry wa Uingereza wanaopima gemu kwa grafu wana kazi gani mwaka huu, na mwenye kibanda cha PlayStation huku kwetu anafaidika na nini. Mimi kibanda changu kiko Maweni, na gemu mpya siitolei pesa kabla sijaona vipimo vyao. Nitakujibu kwa jicho la mwenye duka.

Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 mpya kila sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kuchorwa. Ikienda 30, zinakuwa 33.3. Wao hurekodi picha inayotoka kwenye waya wa HDMI, kisha programu inalinganisha fremu na iliyoitangulia ili kujua ipi mpya na ipi imerudiwa. Hapo ndipo wastani unapoumbuka. Gemu inaweza kuwa na wastani wa 58, ukasema si haba, kumbe zile mbili zilizopotea zimepotea kwa mpigo mmoja, mshambuliaji akiwa ndani ya boksi. Mteja wangu hajui milisekunde. Atabwaga padi adai mechi irudiwe, na yule aliyefunga naye hatakubali. Basi mimi wastani siuangalii kabisa, naangalia ule mstari wa muda wa fremu kama umenyooka.

Kazi ya mbele naiona zaidi kwenye ukali wa picha. Zamani walihesabu vingazi kwenye ukingo ulioinama, wakajua gemu imechorwa kwa pikseli ngapi. Siku hizi gemu inachorwa kwa pikseli chache, kisha programu ya kukuza picha, iwe DLSS ya Nvidia, FSR ya AMD au PSSR ya PS5 Pro, inaikuza, na hesabu peke yake haitoshi. Inabidi jicho litazame nywele, majani, nyavu za goli: zinatetemeka? Zinaacha mkia zikisogea? Hiyo ni hukumu ya mtu, na mwenye kuhukumu ni bora awe huru; ndiyo maana nilifurahi walipojitoa IGN, kampuni ya habari za gemu, mwaka 2025 wakasimama wenyewe.

Halafu GTA VI. Rockstar, wanaoitengeneza, wametangaza itatoka Novemba 19, 2026, kwa PS5 na Xbox Series. Ikitoka, hao jamaa hawatalala. Vipimo vya kwanza nitakavyosoma ni vya PS5 ya kawaida, maana ndiyo niliyo nayo, na vya Series S, ile Xbox ndogo, kwa udadisi tu: ina memori ya GB 10 wakati Series X ina 16, na mara nyingi ndiyo inayoonyesha gemu imebanwa wapi.

Lakini kuna jambo ambalo vipimo vyao havituhusu wewe na mimi: televisheni. Utawasikia wakisifu hali ya fremu 40. Ni nzuri kweli, kila fremu milisekunde 25, ila inataka skrini ya 120Hz, yaani inayobadilisha picha mara 120 kwa sekunde, ambapo 40 inaingia mara tatu kamili. Skrini zetu nyingi ni za 60Hz, na 40 haigawanyiki humo. Hata VRR ya PS5, ile ya skrini kufuata kasi ya gemu, huanzia 48Hz na inataka skrini inayoikubali. Kwa hiyo wakisema gemu inashuka hadi 50 "lakini VRR inaficha", kwako haifichwi. Wewe tafuta pale wanapopima bila VRR.

Jingine ni joto. Sony wanataka PS5 itumike kati ya nyuzi 5 na 35. Kibanda cha mabati mwezi wa Machi, kaskazi imelala na mvua bado, huko ndani hesabu hiyo inapitwa mchana kweupe. Mashine nimeitoa kwenye kabati na kuiweka wazi, mbali na ukuta, feni inavuta hewa nje ya kibanda wala haiipulizii vumbi. Chumvi ya bahari nayo inakula mdomo wa HDMI, basi waya siuchomoi ovyo.

Switch 2 ya Nintendo napita, sijaona mteja wa kuilipia hapa.

Ukipata televisheni ya 120Hz Malindi au Mombasa kwa bei ya kibinadamu, andika hapa ni aina gani. Uliza kwanza ni 120Hz kweli au ni maandishi ya boksi.