Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kwenda Ol Pejeta

Ol Pejeta ni hifadhi binafsi ya ekari 90,000 hivi, karibu na Nanyuki katika Kaunti ya Laikipia, Kenya. Likizo zikikaribia, barua za kuiulizia huongezeka. Hizi ni nne kati yake.

Tunakwenda Aprili na watoto, kwa gari letu dogo la saluni. Shemeji anasema tukodi gari la juu, mume wangu anaona ni kupoteza pesa. Tumsikilize nani? (Msomaji, Thika)

Kwa Aprili, dada, msikilizeni shemeji. Kiangazi gari dogo linapita barabara kuu za ndani bila shida, mradi usikimbize. Lakini sehemu kubwa ya Ol Pejeta ni udongo mweusi, ule unaopasuka nyufa wakati wa jua na kunata mvua ikinyesha. Ukijaa kwenye mifereji ya tairi, tairi jipya halina tofauti na kipara.

Hata gari lenye gia za magurudumu manne hukwama, na mara nyingi ni kwa sababu dereva aliziingiza akiwa tayari ndani ya tope. Ziingize kabla. Tumia gia ya pili ya nguvu, mwendo mmoja, usibadilishe gia katikati wala kukanyaga breki ghafla. Ukiona gurudumu linazunguka papo hapo, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja, kwani linajichimbia na baada ya muda mfupi chasisi inakaa chini. Jaribu kurudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Ikishindikana, piga simu langoni (chukueni namba mnapoingia) na msubiri ndani ya gari. Tafadhali asishuke mtu kukata matawi ya kuweka chini ya tairi. Vichaka hivyo ndivyo nyati na simba wanavyolalia kivuli.

Tuna pesa ya shughuli moja tu ya ziada: kufuatilia simba wenye kola au matembezi ya usiku kwa gari. Tuchague ipi? (Msomaji, Arusha)

Chagueni kufuatilia simba. Wengi hudhani ni njia ya mkato ya kumwona simba. Kumwona ni sehemu yake tu. Utamu uko katika kazi yenyewe.

Simba mmoja au wawili katika kundi huvalishwa kola yenye redio. Mtaalamu huinua antena na kuizungusha polepole, na mlio wa kipokezi unaongezeka inapoelekea kwenye kola. Lakini mawimbi hugonga kilima na kurudi, ukaapa kwamba simba yuko upande ule na kumbe yuko nyuma yako. Kwa hiyo hupima kutoka mwinuko, halafu wanasogea na kupima tena. Pale mielekeo miwili inapokutana ndipo gari linapokwenda. Wakikaribia, angalia mkono wake: anapunguza nguvu ya kipokezi, maana ikiachwa juu mlio unakuwa ule ule pande zote na antena haisemi kitu.

Simba akipatikana, hutambuliwa kwa vidoa vya sharubu. Juu ya safu kamili ya kwanza ya vidoa kuna vingine vichache, na mpangilio wake hutofautiana kati ya simba na simba, na hata shavu la kushoto na la kulia. Bebeni darubini, inayokuza mara nane (8×42) inatosha. Wekeni nafasi mapema.

Usiku ni kwa yule aliyekwisha kuwaona simba na anamtafuta muhanga, mbweha masikio au fisi mwenye milia. Ombeni taa ya mwanga mwekundu, na isimulikwe machoni pa mnyama kwa muda mrefu. Halafu koti zito: hapo ni mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari.

Mtoto wangu ana mafua kidogo. Anaweza kwenda kuwaona sokwe? (Msomaji, Nyeri)

Hapana, mama. Sokwe hushika mafua yetu, na kinachotupita sisi kwa siku tatu kinaweza kumletea sokwe nimonia na kumwua. Makao ya Sweetwaters, wanakotunzwa sokwe hapo Ol Pejeta, yalianzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya sokwe walioletwa kutoka Burundi wakati wa vita, na wengi wa waliofuata waliokolewa katika biashara haramu. Abaki na mtu mzima mmoja; wengine wasogee bila yeye.

Tuliona vifaru wengi, wote rangi ya tope. Mweusi ni yupi, mweupe ni yupi? Na wale wawili wa mwisho duniani wako wapi? (Msomaji, Mombasa)

Rangi haitakusaidia. Angalia mdomo. Kifaru mweupe hula nyasi, kwa hiyo mdomo ni mpana na kichwa kiko chini karibu muda wote. Mweusi hula vichaka, na mdomo wake wa juu una ncha ya kushikia tawi. Mama akikimbia na ndama, mweupe kwa kawaida humtanguliza ndama, na wa mweusi hufuata nyuma.

Mkiwa matembezi ya miguu na mlinzi, mwombeni asimame penye rundo la kinyesi. Cha kifaru mweusi kina vijiti vilivyokatwa mshazari, nyuzi 45 hivi, mkato safi. Vya tembo huwa vimechanika nyuzinyuzi. Cha kifaru mweupe ni nyasi tupu. Ol Pejeta ina vifaru weusi zaidi ya 100, kwa hiyo hamtatafuta sana.

Wawili mnaowauliza ni weupe wa kaskazini: Najin na bintiye Fatu, walioletwa Desemba 2009 kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech. Dume wa mwisho, Sudan, babake Najin, alikufa Machi 2018. Majike hawa hawawezi kubeba mimba, ndiyo maana mayai ya Fatu hutungishwa maabara kwa mbegu za madume zilizogandishwa, ili viinitete vibebwe na majike wa vifaru weupe wa kusini. Wanakaa kwenye boma lao lenye ulinzi, mbali na barabara za kawaida. Kuwaona kunahitaji kuweka nafasi, kulipa ada ya ziada na kuongozwa na wahudumu wa hifadhi. Ukifika langoni bila mpango, utarudi bila kuwaona.